Nilivyoishuhudia Sikukuu ya Uhuru kijijini Niger, nchi inayoadhimisha tarehe 3 Agosti kwa kupanda miti

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajamvi, kila Desemba inapokaribia tunarudi kwenye mjadala ule ule wa namna ya kuadhimisha tarehe 9, siku ya uhuru wetu Tanzania Bara, na wengi wetu bado tunaukumbuka mwaka 2015, gwaride lilipofutwa na wananchi wakaombwa washike mifagio na kufanya usafi. Wapo walioona kuwa taifa limeheshimiwa kwa kazi, na wapo walioona kuwa limenyimwa furaha yake. Sitaki kuufufua ubishi huo. Nataka kueleza kwa kirefu sikukuu ya uhuru niliyoishuhudia Jumamosi ya tarehe 3 Agosti 2019 katika kijiji kimoja cha Wahausa nchini Niger, kwa sababu tangu siku ile sijaweza kulitamka neno uhuru bila kuukumbuka mti uliosimama katikati ya shamba la uwele.

Nilikuwa mkoa wa Maradi, kusini mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Nigeria, kwa kazi ya muda iliyohusu mbegu za uwele. Kijiji kimo katika wilaya ya Aguié, mashariki mwa mji wa Maradi, upande wa barabara iendayo Zinder. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa walionipokea ni watu wa kawaida ambao hawakuniomba niwaandike. Mwenyeji wangu alikuwa amefanya biashara ya mbuzi na vitunguu Kano, mji wa kaskazini mwa Nigeria, kwa miaka mingi, akajifunza Kiingereza sokoni, na ndiye aliyenitafsiria karibu kila nilichokisikia.

Mimi ni mzaliwa wa Chamwino, na nilipofika sikujihisi mgeni kabisa. Udongo ni wa kichanga, mvua ni chache, mibuyu imesimama kila upande, na chakula cha jioni ni ugali wa uwele unaoitwa tuwo, pamoja na mchuzi wa majani makavu ya mbuyu yaliyotwangwa, unaoteleza kooni kama mlenda wa nyumbani. Hata salamu zilinipokea. Mtu akimkuta mwenzake analima humwambia "sannu da aiki", nayo ni pole na kazi yetu hasa. Mwalimu huitwa malam, baraka ni albarka, habari ni labari, dunia ni duniya. Mhausa na Mswahili waliyachota maneno hayo katika kisima kimoja cha Kiarabu.

Jambo moja lilinishangaza. Mashamba yalikuwa na miti mingi mno kwa nchi kavu kama ile, na mingi kati ya hiyo ilikuwa imepukutika majani yote katikati ya mvua, huku uwele uliofika kiunoni ukistawi chini yake kwa rangi ya kijani iliyokolea kuliko kwingine. Nilidhani miti ile imekufa. Mwenyeji wangu akaniambia kuwa ni gao, mti ambao kwetu baadhi ya watu huuita mkababu, nao hulala mvua inapokuja na kuamka kiangazi kinapoanza. Kwa kuwa hauna majani wakati wa kilimo, hauunyimi uwele jua. Majani unayoyamwaga pamoja na mizizi yake huurutubisha udongo, na maganda ya mbegu zake huwalisha mifugo miezi ambayo nyasi zimekwisha. Nilimsikiliza kwa makini, lakini sikujua bado kwamba mti huo ndio utakaokuwa kiini cha sikukuu.

Kwanza nieleze asili ya tarehe yenyewe. Mwaka 1960 makoloni manne ya Ufaransa yaliyokuwa pamoja katika Baraza la Maelewano, lililoundwa mwaka 1959 kwa uongozi wa Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire, yalijitangazia uhuru kwa kupishana siku mbili mbili: Dahomey, ambayo leo ni Benin, tarehe 1 Agosti, Niger tarehe 3, Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, tarehe 5, na Côte d'Ivoire tarehe 7. Rais wa kwanza wa Niger alikuwa Hamani Diori. Ukame uliolikumba eneo la Saheli tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 uliua mifugo na watu, na tarehe 15 Aprili 1974 jeshi likampindua chini ya Seyni Kountché. Mwaka uliofuata, 1975, nchi ikiwa bado na majeraha ya njaa, Sikukuu ya Uhuru ikafanywa pia kuwa Sikukuu ya Mti, na kila tarehe 3 Agosti viongozi na wananchi hupanda miche. Gwaride kubwa la taifa hufanyika siku nyingine, tarehe 18 Desemba, kuikumbuka Jamhuri iliyotangazwa mwaka 1958.

Kwa hiyo yeyote aliyezoea kuona wanafunzi wakipita kwa mguu mmoja mbele ya jukwaa hatayaona hayo Niger mwezi Agosti. Shule zimefungwa. Wakulima wamo kwenye palizi, kazi isiyosubiri. Tena huo ndio mwezi ambao ghala limebaki na vumbi tu, kwa sababu uwele wa mwaka jana umeliwa na wa mwaka huu haujakomaa, hivyo sikukuu huja wakati watu wengi wanakula mara moja kwa siku. Mwaka ule kulikuwa na jambo jingine: Sikukuu ya Kuchinja ilikuwa imebakiza siku nane, na kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na kondoo dume aliyefungwa kivulini, ambaye hakuna aliyediriki kumgusa kwa ajili ya serikali.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri mpiga mbiu alizunguka kijijini akitangaza kuwa kesho kuna gayya, na kila mwanamume aje na jembe. Gayya ni kazi ya pamoja, ile ambayo Wapare huiita msaragambo. Vijana walichimba mashimo jioni ile ile kuizunguka shule na kando ya njia iendayo kisimani, wakayaacha wazi yapate umande.

Asubuhi nilikunywa fura, yaani mabonge ya uwele uliopikwa na kutwangwa, yakavurugwa katika maziwa ya mgando ndani ya kibuyu, nikaenda na mwenyeji wangu hadi uwanja wa shule. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umeshaleta miche katika vifuko vyeusi vya plastiki: miarobaini, mikunazi, mikwaju, milonge, na gao wachache wenye miiba mieupe isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Bendera ya rangi ya chungwa, nyeupe na kijani, yenye duara la chungwa katikati, ilipandishwa juu ya mti wa mlingoti uliopinda kidogo. Wimbo wa taifa uliimbwa na watu wachache waliosoma, kwa Kifaransa, na wengine wote walisimama kimya wamevua kofia. Ulikuwa bado ule wimbo wa zamani wa mwaka 1961, uliobadilishwa mwaka 2023.

Mjumbe wa halmashauri alisoma hotuba iliyotoka mjini, ukurasa kwa ukurasa, na kijana mmoja akaitafsiri kwa Kihausa. Nilimtazama zaidi mfasiri kuliko msomaji. Kila aya ya Kifaransa iliyochukua dakika mbili aliigeuza kuwa sentensi tatu za Kihausa, na ni hizo sentensi tatu zilizoitikiwa na watu. Waimba sifa wanaoitwa maroka waliingia kati, wakamtaja mai gari, yaani mkuu wa kijiji, na baba zake hadi vizazi ambavyo mwenyeji wangu mwenyewe alishindwa kuvihesabu, huku ngoma ya kalangu iliyobanwa kwapani ikipanda na kushuka kama sauti ya mtu anayesema. Kokwa za kola zikagawiwa kwa wageni. Kisha ngoma ikabadilisha mwendo, watu wakainua majembe, na kazi ikaanza.

Nimeshiriki upandaji miti mara kadhaa katika maisha yangu, na mara nyingi nimeona kiongozi akipanda mche mmoja, akipigwa picha, akinawa mikono na kuondoka. Hapa mjumbe alipanda wake, akakaa. Wanaume walipanda kwa mistari, ngoma ikiwafuata kutoka shimo hadi shimo, na nyuma yao watoto walibeba matawi ya miiba na kuuzungushia kila mche uzio mdogo. Mimi nilipanda mitatu: mwarobaini mmoja na mikunazi miwili. Mtoto wa kama miaka tisa ndiye aliyenizungushia miiba, akiniita bako, maana yake mgeni, na kila nilipokaza udongo kwa kiganja alinionyesha kwamba huku udongo hukazwa kwa kisigino.

Wanawake hawakuwa uwanjani kwa wingi. Miche ya milonge ilipelekwa nyumbani kwao, wakaipanda wenyewe karibu na mahali wanapomwaga maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa majani ya mlonge ni mboga ya kila siku na huuzwa. Dada mmoja wa mwenyeji wangu aliniambia jioni kuwa mti uliopandwa uwanjani ni wa serikali, ila mti uliopandwa kwenye maji ya vyombo una mwenyewe.

Maneno hayo niliyaelewa vizuri zaidi baada ya chakula cha mchana, tuliposogea kivulini na mzee mmoja aliyekuwa kijana mwaka 1960. Nilimwuliza anakumbuka nini kuhusu siku ya uhuru. Alisema anakumbuka kuwa waliambiwa Wafaransa wameondoka, na kwamba mwaka uliofuata kodi ilikusanywa kama kawaida. Halafu akaunyooshea mkono mti wa gao uliokuwa mbele yetu shambani kwake, akasema: "Mimi nilipata uhuru siku mti ule ulipokuwa wangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Chini ya sheria za misitu za wakoloni wa Kifaransa, na kwa miaka mingi baada ya 1960, mti ulihesabiwa kuwa mali ya serikali hata ukiota katikati ya shamba la mtu. Mkulima aliyekata tawi bila kibali alitozwa faini na askari wa misitu. Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa: mkulima alipoona mche unachipua aliung'oa mapema, kabla haujawa mti na kumletea kesi. Ongeza hapo kilimo cha karanga za kuuza nje, kilichotaka mashamba yaliyosafishwa, na ongeza ukame. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 mashamba ya Maradi yalikuwa tupu, na upepo wa mchanga uliifukia miche ya uwele kiasi kwamba watu walilazimika kupanda upya mara tatu au nne katika msimu mmoja. Serikali na wafadhili walipanda miche mingi katika miaka hiyo, na sehemu kubwa yake ikafa.

Mabadiliko yalitoka ardhini. Mwaka 1983 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi Maradi na shirika la kimisionari, alitambua kwamba vichaka vidogo vilivyotapakaa mashambani vilikuwa machipukizi ya miti iliyokatwa zamani, ambayo mizizi yake ilikuwa hai bado chini ya mchanga. Hapakuwa na haja ya kuotesha mche. Mkulima alipaswa kuchagua mashina machache yaliyonyooka katika kila kisiki, kuyapogolea matawi ya chini, kuyaondoa mengine, na kuyalinda. Wahausa waliupa utaratibu huo jina la sassabin zamani, yaani usafishaji wa shamba wa kisasa. Katika Aguié husimuliwa pia kwamba mwaka 1984 wanaume waliochelewa kurudi kutoka vibarua vya mbali hawakuwahi kusafisha mashamba yao, wakapanda uwele katikati ya vichaka, na wakavuna vizuri kuliko waliosafisha. Sioni sababu ya kuvishindanisha visa hivyo viwili, kwani vyote vinataja ardhi ile ile na miaka ile ile.

Lakini kisiki kisingepona kama sheria ingebaki vile vile. Maofisa wa misitu walilegeza mkono katikati ya miaka ya 1980, wakawaacha wakulima wavune miti waliyoilea, na Kanuni ya Vijijini ya mwaka 1993 ikaja kuiweka haki ya mkulima juu ya ardhi yake katika maandishi. Watafiti waliotumia picha za angani na za setilaiti walikadiria baadaye kuwa miti imerudi katika takriban hekta milioni 5 za kusini mwa Niger, miti ipatayo milioni 200, bila kitalu. Nilipoyajua hayo niliitazama upya hotuba ya asubuhi, nikaona kuwa wanakijiji walikuwa wanaadhimisha uhuru wao wenyewe kwa siku iliyopangwa na serikali, na kwamba mambo hayo mawili hayakugombana.

Alasiri vijana walishindana mieleka ya kokowa kwenye mchanga uliokuwa bado na unyevu, na jioni makundi ya marafiki yalikaa kuzunguka birika dogo la chai ya kijani juu ya makaa. Chai humiminwa mara tatu, ya kwanza chungu na ya mwisho tamu. Hapakuwa na nyama. Asubuhi ya Jumapili kila mtu alikuwa shambani akipalilia.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa walioishi Afrika Magharibi au wanaofanya kazi ya misitu hapa nyumbani.

Mchangiaji kutoka Mpwapwa

Ndugu mwanzisha uzi, pole na kazi ya kuandika, maana andiko lako limenigusa mahali ninapofanyia kazi. Utaratibu ulioueleza ndio huo huo tunaouita Kisiki Hai hapa mkoani Dodoma, na tunapofundisha tunasema wazi kwamba njia hii ilikomaa Niger. Tunamfundisha mkulima hatua nne: kuchagua kisiki, kupogolea, kuweka alama, na kutunza. Hatua ya alama, ambayo ni kufunga kitambaa chekundu kwenye mti, ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mpita njia na mchungaji huona kwamba hapa pana mwenyewe, hivyo hawezi kusema aliyaona majani ya porini tu.

Nataka niongeze jambo moja kuhusu karanga. Umesema kilimo cha karanga kilisafisha mashamba ya Maradi. Sisi tuna Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ya kung'oa vichaka kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga, na mwanzoni mwa 1951 ukafutwa baada ya kuwagharimu fedha nyingi na kuacha ardhi iliyovuliwa nguo. Kwa hiyo mkulima wa Kongwa na mkulima wa Aguié waliumizwa na zao moja kwa mikono ya wakoloni wawili tofauti, na sasa wanaponywa na kisiki kimoja. Naomba kuuliza: hao askari wa misitu waliokuwa wakitoza faini, siku ya sikukuu walikuwapo? Na wananchi waliwapokeaje?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mpwapwa, ahsante, na nimefurahi kwamba umeitaja Kongwa kabla yangu, kwa kuwa nilikuwa nikiifikiria siku nzima ile.

Afisa misitu alikuwapo, kijana mwenye sare, na ndiye aliyegawa miche. Wazee walimsalimu kwa heshima ya kawaida. Nilipomwuliza yule mzee kama haoni tabu kushikana mkono na mtu wa ofisi ile, alinijibu kwamba babu wa kijana huyu alikuwa akija na kitabu cha faini na yeye amekuja na miche, na mtu hahukumiwi kwa kitabu alichokishika mwenzake. Nilivyoelewa, neno "babu" hapo halikuwa la damu, alimaanisha mtangulizi wake kazini. Alinieleza pia kuwa wakati wa faini walikuwa wakificha kuni uvunguni mwa kitanda, na kwamba mke wake wa kwanza aliwahi kuuza mbuzi wawili kulipia tawi la gao lililoanguka lenyewe kwa upepo. Alilisimulia hilo bila kupandisha sauti, lakini mwenyeji wangu alinyamaza kidogo kabla ya kunitafsiria.

Mchangiaji kutoka Machakos

Nawasalimu nyote kutoka Kenya. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali yetu ilitangaza siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti, nami nilipanda miche kumi na miwili na jirani zangu. Baada ya kusoma uzi huu najiuliza kama siku ya namna hiyo ina faida ikiwa miche mingi hufa. Mwanzisha uzi ameeleza kwamba miti iliyoifunika Niger tena haikutoka kwenye kitalu. Je, si kweli basi kwamba sherehe ya tarehe 3 Agosti haikuleta chochote, na kilicholeta miti ni mkulima kuachwa huru?

Mwanzisha uzi

Swali lako ni zito, nami nimelibeba kwa miaka kadhaa. Kwa hesabu ya miti peke yake, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Miche inayopandwa Agosti hukutana na miezi minane au tisa ya ukavu, na uwele ukishavunwa mifugo huachiliwa mashambani na hula kila kilicho kijani. Mche usio na mlinzi hauvuki mwaka wa kwanza.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kisiki hakiyafanyi. Kisiki huota pale kilipo tu. Uwanja wa shule hauna visiki, njia ya kisimani haina, na uani mwa nyumba hamna. Huko pote lazima mtu apande. Mlonge wa yule dada haukutoka kwenye kisiki. Halafu kuna watoto. Mtoto aliyezungushia miiba mche kwa mkono wake huwafukuza mbuzi kwa namna ambayo hakuna tangazo la serikali linaloweza kuifundisha. Ningependa kuona siku kama hiyo ikigawanywa: asubuhi watu wapande penye upungufu, na mchana kila mkulima aingie shambani kwake, achague visiki vitano na kuvifunga kitambaa, kama wanavyofanya Dodoma. Siku moja kama ile ya Machakos ingetosha kufanya yote mawili, na ya pili ni nafuu zaidi kwa kuwa mche haununuliwi.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Mimi nilisoma Ghana kwa miaka miwili, na nieleze kidogo ili wasomaji wasidhani Afrika Magharibi yote inaadhimisha hivi. Tarehe 6 Machi katika mji mdogo nilioishi mkoa wa Volta, siku ilikuwa ya wanafunzi. Kila shule ilikuja na sare iliyopigwa pasi, wakafanya gwaride mbele ya viongozi wa wilaya na machifu waliokaa chini ya miavuli mikubwa, na shule iliyoshinda ilipewa zawadi. Wazazi walijipanga kando wakiita majina ya watoto wao. Watu wa Volta wana kumbukumbu yao ya pekee pia, kwa sababu sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa Togoland chini ya usimamizi wa Uingereza, na ilijiunga na Ghana baada ya kura ya maoni ya Mei 1956, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa hiyo mzee wa huko ukimwuliza kuhusu uhuru anaweza kuanza kukueleza kuhusu kura, kama vile mzee wako alivyoanza na mti. Nimejifunza kwamba tarehe ni ya taifa, ila kila kijiji kina mlango wake wa kuingilia.

Swali langu ni kuhusu hali ya sasa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 2023, kijiji kile kinaendelea na sikukuu hii?

Mwanzisha uzi

Mapinduzi yalitokea tarehe 26 Julai 2023, siku nane kabla ya sikukuu. Mwenyeji wangu huniandikia mara kwa mara, na mwaka ule alinieleza kwamba kilichowaumiza zaidi kilikuwa mpaka wa Nigeria kufungwa kwa vikwazo vya jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi. Kijiji kinachouza mbuzi na vitunguu Kano, tena katika mwezi ambao hakuna nafaka ghalani, hakiwezi kuuona mpaka kama mstari wa kwenye ramani. Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Machi 2024. Kuhusu sikukuu, alisema mwaka 2023 hakuna mjumbe aliyekuja wala mkokoteni wa miche, lakini mai gari aliitisha gayya kama kawaida, na watu wakapogolea visiki vya kando ya njia ya kisimani kwa kuwa hapakuwa na cha kupanda. Sikuwapo, nawapa kama alivyonipa.

Mchangiaji kutoka Mpwapwa

Njia ya kisimani? Umetuambia hapo juu kwamba njia hiyo haina visiki.

Mwanzisha uzi

Umesoma kwa makini, na nashukuru. Mwaka 2019 haikuwa navyo. Mikunazi iliyopandwa siku ile, ikiwamo miwili yangu, ililiwa na mbuzi hadi usawa wa ardhi kiangazi cha kwanza, baada ya miiba kuchukuliwa kuwa kuni. Mvua iliyofuata baadhi yake ilichipua upya kutoka kwenye mzizi, ikaliwa tena, ikachipua tena. Kufikia 2023 ilikuwa imeshakuwa visiki vya kweli, na ndivyo walivyovipogolea. Katika miwili niliyoipanda mmoja umebaki, na mwenyeji wangu anasema una mashina matatu yaliyoachwa na umeanza kutoa kunazi ndogo ambazo watoto huzila kabla hazijaiva. Mwarobaini wa uwanjani haukuguswa na mbuzi hata mara moja, kwa uchungu wake, na sasa umefika paa la darasa.

Mtoto aliyeniita bako amekua. Kila baada ya mavuno huvuka mpaka kwenda Katsina, upande wa Nigeria, kufanya vibarua, na hurudi mvua za kwanza zinapokaribia, kwa wakati wa kusafisha shamba la baba yake.